Saa ya Georgia, Hukumu ya Alabama

Phenix City, Alabama
Septemba 4, 2022

Lavon mjukuu wangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyenipa miaka themanini na mmoja na meno kumi na mawili ambayo bado ni yangu. Huku hatujambo. Goti la kushoto linauma mvua ikikaribia, la kulia halina adabu wakati wowote. Bamia zimezaa mpaka nimechoka kuzigawa. Jirani akiniona naja na mfuko anazima televisheni ajifanye hayupo. Kanisani wananiambia nipumzike kusimama mlangoni, ati vijana washike zamu ya kukaribisha watu. Nimewaambia siku mtakayoona glavu zangu nyeupe zimelala mezani, leteni jeneza. Binamu yako Tyrus anakusalimu. Bado anaendesha gari la mikate kule Columbus, Georgia, na bado hajaoa, ingawa nimemtafutia wanawake watatu na mmoja wao ana nyumba.

Haya, tuje kwenye lililonikalisha mezani.

Umeniambia kwenye simu kwamba bodi ya parole itakaa mwanzoni mwa mwaka kujadili kama uachiliwe mapema. Vizuri. Nimeshatoa gauni la bluu nilining'inize lipate hewa. Kwa kuwa Alabama haimruhusu mfungwa kuingia kwenye kikao chake mwenyewe, mimi ndiye mdomo wako, kama nilivyokuwa mwaka 2018. Mara ile nilizungumza dakika nne, na wale watu watatu wakanisikiliza kama watoto wa Shule ya Jumapili. Halafu wakakunyima na kukuambia ungoje miaka mitano. Tangu siku hiyo najiuliza, uligombana na nani humo ndani? Mtu hanyimwi baada ya maneno niliyosema mimi. Kwa hiyo kasoro iko kwako. Kama kuna askari uliyemjibu vibaya, kamwombe radhi kabla ya Krismasi.

Wakati mwingine namtazama Tyrus anakula mezani kwangu na nafikiri mawazo mabaya. Yeye aliingia kituo cha petroli na bastola, ng'ambo ya mto, upande wa Georgia. Georgia wakampa miaka kumi na kumwambia hakuna parole, hakuna kuomba, kaa. Akakaa. Siku ya mwisho ya mwaka wa kumi wakafungua mlango akatoka. Mkate una tarehe kwenye mfuko, na Tyrus alikuwa na tarehe yake. Hakuna bibi aliyevaa gauni la bluu kwa ajili yake. Wewe, kwa jambo lile wanalosema ulifanya, upande wetu huu wa daraja, wakakupa maisha yako yote, kisha wakasema baada ya miaka kumi na mitano unaweza kuja kuomba. Kuomba. Mimi sikulelewa kuomba. Mto ni mmoja, samaki ni wale wale. Lakini nitakwenda, na nitaomba, na nitafanya hivyo nikiwa nimesimama wima.

Kula vizuri. Usinyoe ndevu zote, unafanana na babu yako nisiyempenda.

Bibi yako,
Mozelle Battle


Gerezani
Septemba 19, 2022

Bibi yangu mpendwa,

Barua yako imefika, imefunguliwa na kusomwa kama kawaida, na nadhani askari aliyeisoma alicheka kwenye habari ya jirani, maana alinikabidhi akiwa na tabasamu. Mimi ni mzima. Bado nafanya kazi maktaba ya sheria, nawaandikia wenzangu maombi yao. Chakula ni kile kile. Nilipoota bamia zako niliamka nimekasirika.

Mpe Tyrus salamu. Mwambie amfikirie vizuri yule mwenye nyumba.

Bibi, kuhusu kikao. Nimefikiri sana, na nakuomba usichukulie vibaya. Safari hii ningependa azungumze Tyrus peke yake. Yeye amekaa ndani, anajua kutoka na kushika kazi, na bodi hupenda kusikia mtu wa namna hiyo. Wewe pumzisha magoti. Ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, na viti vyao ni vigumu.

Sikugombana na mtu. Nina miaka kumi na mmoja sijaandikiwa kosa lolote humu. Kwenye karatasi waliandika tu kwamba kosa nililofanya ni zito. Nami nakubali kwamba ni zito.

Nakupenda. Usiinue ndoo.

Lavon


Phenix City
Septemba 30, 2022

Lavon,

Mimi ni mzima. Tyrus ni mzima. Bamia zimekwisha.

Tyrus azungumze? Tyrus ukimtuma chumvi analeta sukari na kukuambia vyote ni vyeupe. Mtoto huyo akisimama mbele ya watu wazima jasho linamtoka mpaka kwenye viatu. Kanisani aliombwa asome mstari mmoja wa Zaburi, akasoma namba ya ukurasa na kukaa.

Nimeishia darasa la sita kwa sababu mashamba ya pamba hayakungoja, lakini sijawahi kukosa neno. Nimelea watoto watano na wajukuu wawili. Mama yako alipokufa ulikuwa na miaka mitatu, ukalala kifuani pangu mpaka ukawa mzito wa kubebwa. Niliposimama mahakamani mwaka 2003 na mkono juu ya Biblia, nani alikuwa na mimi? Mchungaji alikuwa na mafua. Nilisimama peke yangu. Nilisema ulikuwa mezani kwangu ukila mkate wa mahindi saa ile, na nikarudia hivyo hivyo mbele ya bodi kule Montgomery, wala sauti haikunitetemeka.

Sasa wanijia na habari za viti vigumu. Viti vya kanisani kwetu ni vya mwaloni na nimevikalia miaka sitini.

Tena acha hilo neno "kosa nililofanya". Katika barua kwangu hutaliandika.

Sijakasirika. Ningekasirika ungejua.

M. Battle


Gerezani
Novemba 27, 2022

Bibi mpendwa,

Hii ni barua ya tatu tangu uliponiandikia mara ya mwisho. Simu napiga, inaita mpaka inakatika, na Tyrus ananiambia uko nyumbani na unaitazama ikiita. Natumaini Sikukuu ya Shukrani ilikwenda vizuri na pai ya viazi vitamu haikuungua. Sisi tulipewa nyama ya bata mzinga iliyokatwa nyembamba kiasi kwamba ungesoma gazeti kupitia kwayo.

Hujaniuliza lakini nitakueleza, maana hapa maktabani siku nzima ndiyo hadithi yetu. Mwenzangu mmoja ana kaka yake Virginia, kafungwa kwa unyang'anyi wa kumjeruhi mtu. Kule waliifuta parole kabla hatujaanza kunyoa. Yule atakaa karibu muda wote aliopewa, na hakuna wa kumbembeleza. Mwingine ana shemeji yake Texas. Kule unakaa nusu ya kifungo halafu ndipo faili lako linafunguliwa. Tyrus, Georgia, umemsema mwenyewe. Kosa ni lile lile na bastola ni ya aina ile ile, na umri utakaotoka nao unapimwa na mstari wa mpaka ambao ukiutafuta ardhini huuoni.

Wewe unapenda ya Georgia kwa sababu haina kuomba. Mimi nimefikiri kinyume. Georgia haikumwuliza Tyrus hata siku moja amekuwa mtu gani. Ingemfungulia mlango siku ile ile akiwa mwema au akiwa mnyama. Hapa kwetu wanauliza. Wanauliza vibaya, wanauliza kwa haraka, mara nyingi wanajibu hapana, lakini wanauliza, na mimi nina jibu. Nimelitengeneza kwa miaka mingi. Ninachohitaji ni kwamba jibu langu na jibu la nyumba nitakayokwenda kuishi yawe jibu moja.

Kabla ya kikao atakuja ofisa kuiona nyumba yako, kwa sababu ndiyo niliyoandika kuwa nitakaa. Mpokee vizuri.

Oktoba tarehe kumi na moja ilipita. Niliihesabu. Sitakuambia kwa nini.

Lavon wako


Phenix City
Januari 8, 2023

Lavon,

Heri ya mwaka mpya. Tulikula kunde na mboga kama inavyotakiwa, kwa hiyo mwaka huu tutafanikiwa hata kama hutaki. Simu niliitazama ikiita kwa sababu ni simu yangu.

Ofisa alikuja. Mwanamke kijana, anaitwa Castleberry, viatu safi, kucha fupi, nikampenda. Alikagua chumba chako. Nilikuwa nimetandika shuka mpya. Aliuliza kama kuna bunduki ndani ya nyumba, nikamwambia kuna ulimi wangu tu. Akacheka. Alikula vipande viwili vya keki. Nikasema hapa tumeshinda.

Kisha akafungua kalamu akasema, "Bi Battle, unaelewa Lavon alifungwa kwa nini?"

Nikasema, "Naelewa walichosema."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema alikuwa mezani kwangu."

Akageuza karatasi. "Yeye mwenyewe ameandika kwamba alikuwa dukani kwa Bwana Ragsdale."

"Mtu akikaa gerezani miaka ishirini ataandika hata kwamba yeye ni Farao."

Basi akafunika kalamu. Hakuandika tena kitu. Keki ya tatu aliikataa. Mlangoni akaniambia, kwa adabu kabisa, "Bibi, nyumba ni nzuri." Akaondoka.

Nimekaa na neno hilo tangu Desemba. Kusema "nyumba ni nzuri" ni kama kumwambia mama wa mtoto asiye mzuri kwamba mtoto ana afya. Kuna kitu mnakijua nyote, wewe na Tyrus na huyo msichana wa viatu safi, mnakizunguka kama paka na maji ya moto. Tyrus nilimbana jikoni. Akasema, "Bibi, mwulize Lavon," akatoka kwa mlango wa nyuma na sahani yangu mkononi.

Kwa hiyo nakuuliza Lavon. Usinifiche kwa sababu mimi ni mzee. Uzee si ugonjwa.

Bibi


Gerezani
Januari 22, 2023

Bibi,

Nakusalimu kwa heshima yote. Mimi ni mzima. Umeniuliza, nitakujibu mara moja tu, kisha ukitaka uichome barua hii.

Oktoba 11, 2002 niliingia duka la chambo la Bwana Hollis Ragsdale, pale chini karibu na mto. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na bastola ya kuazima. Alikuwa akinijua, alikuwa akiniuzia ndoano tangu niko mdogo. Alipoishika ile bastola nilimpiga nayo usoni, na tulipokuwa tunavutana ikafyatuka ikamvunja bega. Mkono wake wa kulia haukufanya kazi tena. Nilikimbia, nikaja kwako. Hukuniuliza kitu. Ulisema, "Vua shati." Ukalifua kwa maji baridi na chumvi, ukalianika ndani. Halafu ukanipa mkate wa mahindi, na polisi walipogonga nilikuwa kweli nakula.

Mwaka uliofuata mwendesha mashtaka alitupatia makubaliano. Nikikiri, miaka ishirini. Wakili alisema tuchukue. Wewe ulisema mbele yake, "Nyumba yangu haitoi wezi," na mimi nilikuwa na aibu mbele yako kuliko nilivyoogopa jela. Nikakataa. Bwana Ragsdale akasimama akanionyesha kwa kidole cha mkono wa kushoto. Wewe ukasimama ukasema amekosea mtu. Baraza la wazee wa mahakama likamwamini yeye, na hakimu akanipa maisha.

Ile miaka ishirini ingekwisha Oktoba 11 iliyopita. Bodi isingehitajika. Ningetoka kama Tyrus.

Na mwaka 2018. Mimi niliandika kwenye faili kwamba nilifanya. Wewe ukasimama ukawaambia sikufanya. Mmoja wa wale watatu, nilikuja kuambiwa baadaye, alisema: hatuwezi kumrudisha mtu kwenye nyumba ambayo haijui alichokifanya, kwa sababu humo hataulizwa akikifanya tena. Hawakuninyima kwa sababu ya askari, Bibi.

Sikulaumu. Nimekaa na jambo hili miaka mingi mpaka limelainika. Bastola niliichukua mimi, na la kukiri au kukataa nilijibu mwenyewe, mtu mzima. Lakini umeniuliza. Ndiyo sababu nilimtaka Tyrus.

Lavon


Phenix City
Machi 2, 2023

Lavon,

Barua ilifika. Kabeji tumeshapanda. Paa la upande wa jikoni linavuja, Tyrus ataliziba. Dada Eulah wa kwaya amefariki, tumemzika vizuri.

Kikao ni Machi 28, saa tatu asubuhi.

Ile barua yako sitaijibu sasa.

Mozelle Battle


Phenix City
Aprili 3, 2023

Lavon mwanangu,

Utakuwa umeshaambiwa. Nyamaza lakini, nikuhadithie mimi, maana waliokuambia hawakuwepo.

Kwanza salamu. Mimi mzima, magoti yote mawili yametulia leo kama yaliyotishwa. Tyrus anakusalimu, amekaa hapa anakula na kujifanya hasomi ninachoandika.

Tuliondoka alfajiri na gari la mikate, kwa sababu la kwake dogo lilikataa kuwaka. Nimekwenda Montgomery nimekaa katikati ya harufu ya mikate kama bibi wa Farao. Tumefika, mlango umefungwa. Eneo la magari ni tupu. Nikamwambia Tyrus, "Wameahirisha." Tyrus akatazama ukuta, akatazama simu yake, akaniambia taratibu, "Bibi, kwao ni saa mbili."

Umeishi huku, unajua. Sisi wa ukingoni mwa mto tunafuata saa ya Georgia kwa sababu kazi zetu ziko Georgia, na Alabama nzima iliyobaki iko nyuma yetu saa nzima. Mara ile ya 2018 mchungaji ndiye aliyeishika saa. Safari hii niliishika mimi. Tyrus akaenda kutafuta kahawa. Nikakaa kwenye benchi la nje.

Benchi lilikuwa na mtu. Mwanamke wa Kizungu wa miaka hamsini hivi, koti la kijani, bahasha magotini. Nikamwambia, "Na wewe saa ya Georgia?"

"Mara ya pili hii nakosea hivi hivi," akasema. "Mara zote nakumbuka nikishaegesha gari."

Tukacheka, Lavon. Wanawake wawili wa Phenix City, tumeiwahi serikali kwa saa nzima. Halafu akaniangalia mikono. Nilikuwa nimevaa glavu. Uso wake ukafunga.

"Wewe ndiye bibi wa mkate wa mahindi," akasema.

Ndipo na mimi nikamjua. Denise, binti wa Hollis Ragsdale. Huwa wanawatenga, familia ya aliyeumizwa chumba chake na familia ya mfungwa chumba chake, lakini saa ile vyumba vyote vilikuwa na kufuli na benchi lilikuwa moja. Ningeweza kuinuka. Sikuinuka. Siinukii mtu kwenye benchi.

Nikamwuliza, "Baba hajambo?"

"Alikufa mwaka juzi."

"Pole."

"Unajua alikuwa akisema nini?" Hakuinua sauti. Ningependa angeinua. "Mkono aliuzoea. Alijifunza kufunga vifungo kwa mkono mmoja, alijifunza kuweka chambo kwa meno. Kilichomshinda ni wewe. Alikuwa akisema, nilimjua yule kijana tangu anafika kiunoni kwangu, nilimwona usoni, halafu mama mzima mwenye glavu nyeupe akashika Biblia akaniita mwongo mbele ya mji wangu. Watu walikuja dukani wakimwuliza, Hollis, una hakika? Kwa miaka. Mpaka akafunga duka."

Nikatafuta neno. Unanijua. Sijawahi kukosa neno tangu nizaliwe. Nilitafuta, na kilichokuwepo mdomoni ni ulimi peke yake.

Tulikaa hivyo mpaka milango ikafunguliwa. Tyrus alirudi na kahawa mbili, akaona hali, akampa Denise moja na mimi moja, akabaki amesimama hana. Mtoto huyo nimemdharau kupita kiasi.

Ndani walisoma jina lako na namba yako. Tyrus akazungumza. Jasho lilimtoka, lakini alizungumza vizuri. Alisema una kazi inakungoja kwenye ghala la mikate na kwamba yeye atakupitia kila asubuhi. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwingine upande wa familia. Alinitazama mimi. Alinikumbuka, nikaona anajiandaa kuvumilia.

Nikasimama. Nikavua glavu kwanza, maana sikutaka kusema nilichokuwa nataka kusema nikiwa nimezivaa.

Nikasema: "Naitwa Mozelle Battle. Nilisema katika chumba hiki kwamba mjukuu wangu alikuwa nyumbani. Nilisema hivyo mahakamani pia, kwa kiapo. Niliwadanganya. Alikuja nyumbani na damu kwenye shati, na shati nililifua mimi. Bwana Ragsdale alisema kweli tangu siku ya kwanza, na mimi nilijua anasema kweli. Mjukuu wangu amewaambia alichofanya. Nyumba yangu ilikuwa haijasema. Sasa imesema. Mkimleta, ataishi na mtu anayejua."

Nikakaa. Haikufika hata dakika moja. Tyrus alinishika mkono nikamwondoa, kisha nikaurudisha.

Denise akaitwa. Akafungua bahasha yake akasoma yote, mwanzo mpaka mwisho. Bega, hospitali, vifungo, duka. Hakuruka mstari, na ni haki yake. Nilisikiliza kila neno na sikuinamisha kichwa. Alipomaliza mwenyekiti akamwuliza, "Unapinga kuachiliwa kwake?"

Akakunja karatasi. Akasema, "Andika kwamba nimesema nililokuja kusema."

"Ndiyo au hapana, mama?"

"Nimesema nililokuja kusema," akasema, akakaa.

Wakanong'onezana. Wawili wakasema uachiliwe, mmoja akasema hapana. Wawili wanatosha. Nilimtazama yule mmoja. Simlaumu. Mwaka 2018 ningekuwa mimi ningesema hapana pia.

Masharti utasomewa. Usiikaribie familia ya Ragsdale, usiwaandikie, usiwapigie. Hata kushukuru usithubutu. Daraja hutalivuka bila ruhusa ya Castleberry isipokuwa kwenda kazini, na kanisa letu liko ng'ambo, kwa hiyo utakwenda lile la upande huu, ambako kwaya yao inaimba kama mlango usio na mafuta. Utavumilia.

Sasa naijibu ile barua yako ya Januari. Umeandika kwamba hunilaumu. Hilo ni juu yako, ni zawadi, naipokea. Lakini usinisamehe haraka mno, nitaizoea. Ile miaka ishirini niliikataa mimi, kwa mdomo wangu, kwa sababu niliona haya watu wa kanisa wasije wakasema. Wewe umeilipa aibu yangu kwa miaka ile ishirini na miezi mitano juu yake, na ungelipa mpaka kifo. Nimeandika hapa kwa mkono wangu ili usije ukadhani umeota.

Jumapili nilisimama mbele ya waumini kabla ya matangazo nikawaambia yote, shati na kiapo. Usiulize walivyonitazama. Kisha nikarudi mlangoni, maana zamu ni yangu. Wengine walipita bila kunipa mkono. Wengi walinipa. Mmoja, yule mzee Gaither, akanong'ona, "Mozelle, sisi tulijua." Nikamwambia, "Basi na wewe ni mwongo, ingia ukakae."

Wakikuachia, Tyrus atakuja kukuchukua. Utaingia kwa mlango wa mbele, mchana, majirani wakiwa vibarazani. Hutaingia kama mtu anayefichwa. Wakikuuliza ulikuwa wapi, wajibu. Hutakuwa na la kuwashangaza, nimeshawaambia.

Nakungoja.

Bibi yako,
Mozelle